Labradoodle: mbwa wa ahadi nyingi na chanuo la kila siku

Labradoodle alizaliwa kwa sababu ya mzio wa mume wa mtu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanamke mmoja asiyeona, mkazi wa Hawaii, aliiandikia taasisi ya Australia inayofundisha mbwa wa kuongoza wasioona, Royal Guide Dog Association, akiomba apatiwe mbwa. Ombi lenyewe halikuwa geni. Lililokuwa geni ni sharti lake: mumewe hakuweza kukaa nyumba moja na mbwa bila kudhurika, kwa hiyo huyo atakayeletwa awe wa namna isiyomsumbua.

Barua ilifika mezani kwa Wally Conron, aliyekuwa akisimamia uzalishaji wa mbwa wa taasisi hiyo katika jimbo la Victoria. Wazo lake la kwanza lilikuwa Poodle mkubwa, kwa kuwa Poodle hapukutishi manyoya ovyo na ni mwepesi wa kufundishika. Akajaribu mmoja, akajaribu wa pili, akaendelea hivyo kwa miaka kama mitatu mpaka akapita mbwa 30, na hakuna hata mmoja aliyefuzu kumwongoza mtu barabarani. Mwisho akaamua kuchanganya. Akampandisha Labrador jike, wa jamii iliyozoeleka katika kazi hiyo, kwa Poodle dume. Mwaka 1989 wakazaliwa watoto watatu.

Conron hakubahatisha. Alichukua manyoya na mate ya kila mtoto, akayatuma Hawaii yakajaribiwe kwa mume yule. Mmoja tu ndiye hakumletea shida. Aliitwa Sultan, akafundishwa, akavuka Pasifiki kwenda kufanya kazi yake.

Watatu, tumbo moja, baba mmoja, na matokeo tofauti. Karibu kila jambo ambalo mnunuzi wa leo anapaswa kulijua kuhusu mbwa chotara lilijionyesha pale pale mwanzoni, kabla mnyama mwenyewe hajapata jina.

Jina lilikuja kwa dhiki. Watoto hao walihitaji familia za kuwalea na kuwazoesha watu kabla ya mafunzo, kama ilivyo desturi ya mbwa wa kuongoza wasioona. Familia zilikuwa zimepanga foleni, lakini zilitaka mbwa wa asili safi. Chotara hakuna aliyemtaka. Conron akaenda kwa maofisa wa uhusiano wa taasisi yake, akawaambia waviambie vyombo vya habari kwamba amepatikana mbwa mpya wa aina yake, Labradoodle. Simu zikaanza kulia. Mbwa walikuwa wale wale, mate yale yale. Wiki iliyotangulia walikuwa chotara wasio na kwao, sasa watu wanawagombania. (Wa kwanza kulitumia jina hilo si yeye. Donald Campbell, Mwingereza aliyekuwa akivunja rekodi za mwendo kasi majini, alimwita hivyo mbwa wake katika kitabu chake cha mwaka 1955.)

Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 90, Conron alihojiwa na shirika la utangazaji la Australia, ABC, akasema anaijutia kazi ile na akamlinganisha mbwa wake na kiumbe wa Frankenstein. Vichwa vya habari vilisambaa duniani kote kana kwamba mzee amemkana mtoto. Ukimsikiliza vizuri, ugomvi wake ulikuwa na watu: wafugaji wanaompandisha mbwa yeyote kwa yeyote, bila kupima nyonga wala macho, kisha wanauza watoto kwa bei inayoshinda ya mbwa wa asili safi. Kwa maoni yangu alijibebesha lawama isiyo yake. Angekaa kimya mwaka 1989, mwingine angeyafanya hayo hayo miaka miwili baadaye.

Wazazi wawili wa majini

Wengi wakisikia Poodle humwona yule mbwa mdogo wa mapambo, pua juu, aliyenyolewa mafungu mafungu. Poodle mkubwa ni mbwa wa kazi. Alifugwa Ujerumani ili kuwafuata majini bata waliopigwa risasi na kuwaleta kwa mwindaji. Ule unyoaji unaochekesha watu ulikuwa na sababu yake: manyoya yalipunguzwa ili yasimlemee akiogelea, yakaachwa kifuani na kwenye viungo ili baridi isimwingie. Labrador naye, babu zake walikuwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, upande wa mashariki wa Kanada. Katika karne ya 19 walipelekwa Uingereza, wakaendelezwa na makabaila waliopenda uwindaji, na Kennel Club ya nchi hiyo ikawatambua rasmi mwaka 1903.

Kwa kazi, basi, hawa ni ndugu. Wote wawili walichaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa kumsikiliza mtu, kubeba kitu mdomoni bila kukiponda, na kutoogopa maji. Katika orodha ya mwanasaikolojia Stanley Coren ya mwaka 1994, iliyowapanga mbwa kwa wepesi wa kutii na kujifunza, Poodle alikuwa wa pili na Labrador wa saba. Ndiyo maana Labradoodle hujifunza haraka: kukaa, kusubiri, kuleta mpira, kufungua mlango wa kabati la chakula. Hili la mwisho hafundishwi na mtu.

Kwa hulka, hata hivyo, wazazi hawa hawafanani. Labrador ni rafiki wa kila mtu, mlafi, mwenye nguvu nyingi na ngozi ngumu ya moyo. Ukimkaripia, dakika mbili baadaye amesahau. Poodle ni makini na mwepesi wa kuhisi. Hushikamana na watu wake, hugundua haraka nani kakasirika nyumbani, na kelele za ghafla humshtua. Tangazo la muuzaji huchukua akili ya Poodle na ukunjufu wa Labrador, likaishia hapo. Upande wa pili wa karata haumo kwenye tangazo: wasiwasi wa Poodle katika mwili wa Labrador wenye kilo 30, unaoruka juu ya kila anayepiga hodi.

Jambo hili liliwahi kuchunguzwa kwa subira kubwa, na lina ndugu yetu ndani yake. Katika maabara ya Jackson huko Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, John Paul Scott na John Fuller walifanya kazi ya miaka mingi juu ya urithi wa tabia za mbwa, wakaitolea kitabu mwaka 1965. Kwa kuchanganya walichagua mbwa wawili wasiofanana kabisa: Cocker Spaniel na Basenji, mbwa wa uwindaji wa misitu ya Kongo, mwenye hadhari na asiyebweka kama wengine. Kama hulka ingechanganyika kama maziwa na chai, watoto wote wangekuwa nusu kwa nusu. Haikuwa hivyo. Katika tabia fulani machotara walimfuata zaidi Basenji, katika nyingine walimfuata zaidi Cocker, na machotara walipozalishwa wao kwa wao, katika baadhi ya tabia wajukuu walitofautiana zaidi kuliko wazazi wao. Anayekuuzia Labradoodle wa kizazi cha pili kwa madai kwamba atakuwa sawasawa na yule uliyemwona kwa jirani, ama hajui, ama anajua.

Utafiti mwingine, uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022, ulikusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 wa Marekani na kupima vinasaba vya zaidi ya 2,000 kati yao. Ukaonyesha kwamba aina ya mbwa inaeleza karibu asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Zilizobaki zinatokana na mambo mengine: urithi wa mbwa mwenyewe usiofuata mipaka ya aina, malezi, umri, mambo aliyopitia. Watu waliokwisha kufuga mbwa watatu wa aina moja hawakushangaa.

Malezi yana dirisha lake. Tangu wiki ya 3 mpaka kama ya 12 au ya 14, mtoto wa mbwa hupokea dunia kwa urahisi ambao hataupata tena. Watoto wadogo, wazee wenye fimbo, pikipiki, ngurumo, paka, mtu mwenye kofia: kila atakachokutana nacho kwa utulivu katika wiki hizo kitakuwa cha kawaida maishani. Kwa Labradoodle aliyerithi wepesi wa Poodle wa kushtuka, wiki hizi zina uzito kuliko jina lolote kwenye cheti. Nyingi kati yake hupita akiwa bado mikononi mwa mfugaji, na mfugaji aliyemweka kwenye kizimba nyuma ya nyumba mpaka mteja apatikane amekwisha kukuharibia kazi kabla hujalipa.

Nyumbani, mbwa huyu anapokaribia mwaka mmoja huwa mtihani. Amefikia kimo chake, sentimita 53 mpaka 61 begani na uzito wa kilo 23 mpaka 30, ila akili yake bado ni ya mtoto. Huvuta kamba, hutafuna viatu, hurukia wageni, huiba mkate mezani. Kumpiga hakusaidii, mwenye hulka ya Poodle atajifunza kukuogopa tu, na mwenye hulka ya Labrador atadhani ni mchezo. Kinachofanya kazi ni kipande kidogo cha nyama mkononi, amri fupi zisizobadilika, na watu wote wa nyumba kukubaliana. Baba akikataza kochi na watoto wakimkaribisha kochini, mbwa hatachukua muda kuchagua upande.

Anahitaji mwendo wa saa moja au zaidi kila siku, na kama kuna maji salama ya kuogelea, ni bora zaidi. Lakini miguu peke yake haimtoshi. Mbwa mwenye akili asiye na kazi hujitafutia kazi, na kazi anazojipa ni kuchimba bustani na kufungua mito. Dakika kumi za kumfichia chakula akitafute kwa pua humchosha kuliko kukimbia uwanjani.

Na hapendi upweke. Hili ndilo linalowagharimu wengi. Labradoodle aliyeachwa peke yake tangu alfajiri mpaka jioni hubweka, hulia, hutafuna mlango. Majirani hulalamika, mwenyewe humwita mkorofi.

Habari ya mzio

Novemba 2008, usiku wa ushindi wake, Barack Obama aliwaahidi binti zake kwamba wataingia Ikulu ya Marekani na mbwa. Mmoja wao, Malia, ana mzio. Januari iliyofuata Obama akatangaza kwamba wamebakiza wawili wa kuchagua: Labradoodle au mbwa wa maji wa Kireno. Aprili akafika Bo, Mreno, zawadi ya Seneta Ted Kennedy. Labradoodle alishindwa uchaguzi ule, ila kutajwa tu kulimtangaza kuliko pesa yoyote ya matangazo, na duniani kote ikazidi kuaminika kwamba wapo mbwa wasioleta mzio.

Hawapo. Kinachowadhuru watu si unywele wenyewe. Ni protini zilizomo kwenye mate, mkojo na magamba ya ngozi, hasa ile ambayo wataalamu huiita Can f 1, na kila mbwa anayo. Mwaka 2011 watafiti wa hospitali ya Henry Ford huko Detroit walipima vumbi la nyumba 173 zenye mbwa na hawakuona tofauti kati ya zile zenye mbwa wanaosifiwa kwa kutoleta mzio na zile zenye mbwa wa kawaida. Mwaka uliofuata watafiti wa Uholanzi walipima manyoya ya mbwa, wakiwemo Labradoodle, wakakuta kwamba kiwango cha protini hiyo kwenye manyoya ya mbwa hao wanaosifiwa kilikuwa cha juu kuliko cha wengine, na katika hewa ya nyumba hawakukuta tofauti ya maana.

Anayepukutisha kidogo ataacha manyoya machache kwenye zulia, hilo ni kweli na ni raha kwa anayefagia. Lakini mwenye mzio asinunue kwa picha wala kwa maneno. Aende akakae na mbwa huyo huyo, si ndugu yake, saa kadhaa, zaidi ya mara moja, amshike na kulambwa. Conron alilijua hilo tangu siku ya kwanza, ndiyo maana alituma mate.

Chanuo

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasiruke mistari.

Mwaka 2009 wanasayansi walionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa inatokana na vinasaba vitatu tu: kimoja cha urefu, kimoja cha mawimbi, kimoja cha ndevu na nyusi. Labrador ana manyoya mafupi, yaliyonyooka, yasiyo na ndevu. Poodle ni kinyume chake kwa yote matatu. Watoto hupata mgawanyo wao, ndiyo maana tumbo moja linaweza kutoa mwenye manyoya kama kondoo, mwenye mawimbi laini, na mwenye manyoya magumu yanayopukutika kama ya mama. Wafugaji, ili kukwepa huyu wa mwisho, huwarudisha machotara kwa Poodle tena na tena. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba Labradoodle wa ukoo wa Australia, waliozalishwa wao kwa wao kwa vizazi kadhaa, wamekuwa Poodle kwa sehemu kubwa, na Labrador amebaki na kifungu kidogo.

Manyoya yasiyopukutika hayaendi popote. Yaliyokufa hubaki yamenaswa katikati ya yaliyo hai, yakasokotana, yakawa mafundo. Fundo huanza nyuma ya masikio, kwenye makwapa, chini ya ukosi wa shingo, kati ya vidole. Likiachwa, hukazana mpaka likavuta ngozi kila mbwa anapopiga hatua. Chini yake pana unyevu, vidonda, na wakati mwingine mabuu. Kwa nje mbwa bado anapendeza, laini kama mdoli, na mwenyewe hajui.

Kwa hiyo ni chanuo, kila siku au kila baada ya siku moja, na si kupitisha juu juu. Utanue manyoya kwa mkono mpaka uone ngozi, uanze na brashi yenye sindano nyembamba, umalizie kwa chanuo la chuma, sehemu baada ya sehemu. Chanuo likikwama, hujamaliza. Usimwogeshe kabla ya kumchana, kwa sababu maji hukaza fundo. Kati ya miezi 8 na 12 manyoya ya utoto hubadilika kuwa ya utu uzima, na kwa kipindi hicho mafundo hutokea usiku mmoja. Wengi hukata tamaa hapo. Kila wiki sita mpaka nane apelekwe kunyolewa, au mwenyewe ujifunze mashine. Mnyoaji akikwambia hakuna njia ila kumnyoa upara, usimlaumu. Anamwonea huruma mbwa.

Mzoeshe angali mdogo. Mtoto wa wiki kumi aliyeshikwa miguu, akafunuliwa masikio, akasikia mlio wa mashine na kupewa kitu kitamu, atakapokuwa na kilo 28 hatapigana nawe mezani.

Masikio ni sura nyingine. Yanalala, yana manyoya mpaka ndani, na mbwa mwenyewe anapenda maji. Yatazame kila wiki. Yakinuka, yakiwa mekundu, au akitikisa kichwa mara kwa mara, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Usimimine dawa iliyobaki ya mtu mwingine. Baada ya kuogelea, yakaushe kwa pamba, bila kusukuma kijiti ndani.

Tumbo na mifupa

Labrador ana njaa isiyoisha, na sababu imejulikana. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge waliripoti kwamba karibu robo ya Labrador wana kasoro katika kinasaba kiitwacho POMC, ambacho huuambia mwili kwamba umeshiba. Miongoni mwa wale waliochaguliwa kuwasaidia watu wenye ulemavu, walio nayo walikuwa wengi zaidi, pengine kwa sababu mbwa mwenye njaa hufundishika kwa urahisi kwa chakula. Labradoodle anaweza kuirithi. Macho yake ya kuomba si ushahidi kwamba hujamlisha. Pima chakula kwa kikombe, na kila mwezi mpapase mbavu: uzihisi chini ya mkono bila kuzitafuta. Manyoya mengi huficha unene, kwa hiyo usitegemee macho.

Milo iwe miwili kwa siku, si mmoja mkubwa, na asikimbizwe mara baada ya kula. Poodle mkubwa ni miongoni mwa mbwa wenye kifua kirefu wanaopatwa na tumbo kujaa gesi na kujipinda. Mbwa huhangaika, hujaribu kutapika bila kitu kutoka, tumbo linavimba na kukaza. Hiyo si ya kusubiri asubuhi. Ni upasuaji, na saa chache ndizo zinazotenganisha kupona na kufa.

Husemwa sana kwamba chotara ni mzima kuliko wa asili safi. Wakati mwingine ni kweli, hasa pale ugonjwa unapohitaji kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili na mzazi mmoja hanayo. Lakini Labrador na Poodle wanachangia maradhi kadhaa, yakiwemo nyonga zisizokaa sawa na aina moja ya upofu unaokuja polepole. Hapo mchanganyiko haukingi kitu. Mwaka 2024 chuo cha tiba ya mifugo cha London, Royal Veterinary College, kilichapisha ulinganisho wa machotara watatu wa Poodle, Labradoodle akiwa mmoja wao, na aina za wazazi wao, kwa magonjwa 57 ya kawaida. Katika asilimia 86.6 ya ulinganisho huo hapakuwa na tofauti. Hawakuwa wagonjwa zaidi, na hawakuwa wazima zaidi.

Akija kwetu

Nairobi au Dar es Salaam, anayetafuta mbwa mkubwa kwa kawaida anatafuta mlinzi: German Shepherd, Rottweiler, Boerboel. Labradoodle hafai kazi hiyo. Wapo wanaobweka vizuri mgeni akifika, ila wakishabweka wengi wao humletea mgeni mpira. Na ile desturi yetu ya kumfungia mbwa bandani mchana na kumfungulia usiku azunguke uani, ambayo hata kwa mbwa wengine si nzuri, kwa huyu ni kumwandalia wazimu. Yeye ni mbwa wa kuishi ndani na watu. Kwa familia nyingi za Kiislamu za Pwani, ambako mate ya mbwa yana hukumu yake katika twahara, hilo peke yake linamaliza mjadala.

Walio na Labradoodle huku wana kazi mbili ambazo mwenzao wa Melbourne hazimbani hivi. Ya kwanza ni joto. Mtembeze alfajiri na baada ya jua kuzama, manyoya yawe mafupi, maji na kivuli visikosekane, na usimwache kwenye gari hata kwa dakika za kuingia dukani. Ya pili ni kupe. Ndani ya manyoya yale kupe anaweza kukaa siku kadhaa bila kuonekana, na kupe wetu huleta homa zinazoua mbwa mkubwa kwa siku chache. Mpapase kila jioni, masikioni na kati ya vidole, na dawa ya kuzuia isikatike. Mbwa mkubwa aliyeanza kukataa chakula, ufizi ukapauka au mkojo ukawa kama chai ya rangi, asingoje mpaka Jumatatu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima, haijalishi mbwa ni wa bei gani. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hauna tiba, na watu wanaoupata, karibu wote, wameupata kwa kuumwa na mbwa. Mbwa asiyetoka getini naye huchanjwa, maana wapo wanyama wanaoingia.

Ukiamua kununua, omba kumwona mama, nyumbani anakoishi, na uangalie anavyompokea mgeni. Omba vyeti vya nyonga na macho vya wazazi wote wawili. Uliza watoto wamefikisha wiki ngapi. Chini ya nane, ondoka. Muuzaji anayetaka kukukabidhi mtoto kwenye maegesho ya duka kubwa, au anayekuhakikishia kwamba hatakuletea mzio, ondoka pia, hata kama umeshaipenda sura. Mbwa huyu huishi miaka 12 mpaka 14, na chanuo ni la siku zote hizo. Ukiona huna muda nalo, chama cha kutetea wanyama cha Kenya, KSPCA, kina mbwa wenye manyoya mafupi wanaongoja kwenda nyumbani na mtu, na miji mingine ina walinzi wa wanyama wenye mbwa wa namna hiyo hiyo. Kawaone hao kwanza.